Kizibo cha Boti ya Loresho

Peres wa mlango wa tatu husema Mwololo aliuawa na majivuno. Huyasema haya akiwa ameketi juu ya jerikeni, anachambua sukuma, na kila akirudia anaongeza chumvi. Leo Mwololo alikuwa amelewa chakari. Kesho alikuwa na bastola mbili kiunoni. Kesho kutwa aliwatukana polisi, hao karao, matusi ya nguoni kabla hawajafyatua. Lakini jambo moja Peres halibadilishi hata umwamshe usingizini. Koti.

"Koti la mvua, jipya, manjano kama kiini cha yai," husema. "Na siku hiyo jua linapasua mawe! Wewe Wavinya, hebu niambie, nani huvaa koti la mvua kukiwa na jua? Ni mtu anataka kuonekana. Haya, akaonekana. Walikuwa wanne, watatu wakapita, yeye akaanguka. Majivuno, mama. Majivuno humaliza mtu."

Wavinya humsikiliza na kunyamaza. Yeye hufulia watu nguo, na mfuaji hujifunza kunyamaza, maana nguo zenyewe humwambia mengi. Alijua Mwololo hakuwa mlevi. Alijua hakuwa na bastola, kwa sababu genge lao halikuwa na bastola hata moja. Aliwajua hata wale watatu waliopita. Mmoja wao alikuwa Mutie, ndugu yake, tumbo moja.

Koti ndilo hakulijua. Asubuhi ile Mwololo alipita mlangoni kwake Kawangware kumchukua Mutie, na alikuwa na shati tu. Shati jeupe, kola imechakaa. Mtu huyo alilitoa wapi koti?

Alilibeba swali hilo kiangazi chote. Masika ya mwaka 2004 yalipoanza, alikuwa bado nalo. Hakumwuliza mtu. Alichofanya ni kumwambia Mutie maneno machache: "Kazi inayofuata, na mimi nakuja."

"Wewe? Kufanya nini?"

"Kukuangalia."

JUMATATU

Chumba cha nyuma ya bucha, Dagoretti. Meza moja ya mbao iliyokatwakatwa na panga. Taa moja. Nzi hawahesabiki. Kutoka nje ilisikika mitambo ya kichinjio na ng'ombe waliojua wanakopelekwa.

Gichuru hakuketi. Gichuru hakuwa mtu wa kuketi. Alizunguka meza akitafuna kijiti cha kiberiti, akasimama, akazunguka tena. Alikuwa mnene wa shingo, mwepesi wa mikono, na mkarimu. Kila aliyefanya kazi naye alipata zawadi: saa, viatu, kanda ya muziki. Watu walimpenda kwa hilo.

Alichukua kisu, akakilaza mezani. Juu ya kisu akaweka kipande cha sabuni ya mche.

"Kisu ni trela," akasema. "Sabuni ni boti."

"Mimi sijawahi ona boti," akasema Thuo, dereva. Thuo aliendesha lori la ngozi, kutoka kichinjioni hadi kiwandani, na harufu ya ngozi ilikuwa imemwingia hadi kwenye kicheko. "Isipokuwa ya kalenda."

"Hakuna mtu hapa ameona, isipokuwa Wavinya. Lakini kuna msee wa Naivasha anaitaka. Anaitaka nzima. Ikipasuka hata kidogo, haitaki."

"Iko wapi?"

"Loresho. Kwa mzee Norman. Trela imetolewa magurudumu, imekalishwa kwa mawe, imefungwa na nyororo kwa chuma iliyozikwa kwa simiti. Trela haiendi mahali. Tunatoa boti peke yake."

"Tukate nyororo."

"Na meno? Nyororo ni kama mkono yangu. Na hata ukikata, utavuta boti Waiyaki Way watu wakikupigia makofi? Boti inaingia kwa lori yako. Juu tunaifunika ngozi. Karao gani atafunua ngozi za Dagoretti?"

Thuo akacheka. "Hata mimi mwenyewe huwa sizifunui."

Gichuru akamgeukia Wavinya. "Sema vile umeona."

Wavinya alikuwa akifua kila Alhamisi katika nyumba iliyopakana na ya Norman. Kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na ua wa kayaba, na ua huo ulikuwa na pengo. Alieleza polepole. Norman alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili alibeba nyumba nzima kwenye gari kwenda ibadani: mke, watoto, mfanyakazi wa jikoni, hata askari wa langoni.

"Hata askari?" akauliza Thuo.

"Anasema huwezi kuomba Mungu akulindie mali huku umeacha askari nje. Ni kama kumwambia Mungu humwamini."

Walicheka wote. Kanisa lenyewe lilikuwa ng'ambo ya bonde, nalo lilikuwa na vipaza sauti. Ukiwa kwa Norman ulisikia ibada yote, hadi kikohozi cha mhubiri. Gichuru akapiga meza kwa kiganja.

"Basi hiyo ndiyo saa yetu. Kengele ya kwanza, tunaingia. Wimbo wa sadaka, tunatoka. Baada ya sadaka kuna matangazo, na ya hao watu hayaishi leo. Mutie, sasa sabuni itatoka aje juu ya kisu?"

Mutie alisogea mezani. Alikuwa na mabega ya mtu aliyekula mawe. Miaka sita alikuwa amefanya kazi machimboni Ndarugu, yeye na Mwololo, kabla Mwololo hajamleta mjini. Akachukua njiti mbili za kiberiti.

"Uwanja wake unashuka?"

"Unashuka kuelekea lango," akasema Wavinya.

"Sawa. Thuo anarudisha lori nyuma hadi chini ya mteremko. Sakafu ya lori itakuwa karibu sawa na trela. Tunainua tako la boti na jeki mbili. Tunaingiza nguzo mbili chini, hivi, kutoka trela hadi lori. Nguzo zimepakwa mafuta ya ng'ombe. Pua ya boti tunaifunga kamba, kamba inazungushwa mti. Halafu tunaiachilia kidogo kidogo. Inateleza yenyewe. Haubebi kitu kizito, unakibembeleza."

"Ona huyo!" akasema Gichuru.

"Lakini," akasema Mutie, na akainua kidole. "Jeki ni mgeni. Gogo ndilo mwenyeji. Ukiinua na jeki, unajenga magogo chini yake. Hakuna mtu anaingiza mwili chini ya kitu kimeshikwa na jeki peke yake. Hata mkono. Ndarugu tulizika watu kwa hiyo."

"Na akiingia?"

"Akiingia tutamtoa. Mtu haachwi chini ya jiwe. Hata awe adui yako. Unamtoa kwanza, mkosane baadaye."

Gichuru alitema kijiti. Akamtazama Mutie kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kama mtu anayepima nguo dukani. Wavinya aliliona hilo. Akaliweka moyoni.

"Kuna kitu ingine," akasema. "Hiyo boti iko na tundu. Nyuma, chini kabisa. Kizibo chake kinaning'inia kwa kamba."

Wakatazamana. Wanne hao, mmoja wa Murang'a, mmoja wa Kiambu, wawili wa Machakos. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga boti. Maji waliyoyajua yalikuwa ya kisima na ya mfereji.

"Boti na tundu," akasema Gichuru. "Watoto wamekitoa wakicheza. Kikidondoka njiani, yule msee atasema tumemletea karai. Wavinya, Alhamisi ukienda kufua, pita kwa hilo pengo. Kizibe. Kaza vizuri."

Lilikuwa neno la akili. Hata Mutie alitikisa kichwa kukubali. Chombo chenye tundu huzibwa, nani asiyejua?

JUMATANO

Walinunua jeki Kirinyaga Road, ndugu wawili, kama watu wa gereji. Barabara ilikuwa grisi tupu na kelele. Muuzaji aliwaonyesha jeki tano, zote zimepakwa rangi mpya kuficha uzee. Mutie alizilaza chini, akazizungusha moja moja, sikio karibu na chuma.

"Unasikiliza nini?" akauliza Wavinya.

"Kama inakohoa."

Alichagua mbili. Njiani, wakipita River Road na jeki kwenye gunia, Wavinya aliuliza kile kilichokuwa kimemkaa kooni kiangazi chote.

"Siku ile ya Mwololo. Lile koti alilitoa wapi?"

Mutie aliendelea kutembea. "Gichuru alimpa. Zawadi. Alimpa tukiwa tayari kwa kazi, akamwambia avae, ataonekana kama mtu wa kampuni ya stima. Kwa nini?"

"Hakuna."

"Wavinya."

"Nimesema hakuna. Angalia mkokoteni."

Akamshika mkono kumvuta kando, na hakumwachia hadi walipofika stendi. Mama yao alipokuwa akifa alikuwa ameviunganisha viganja vyao hivyo hivyo.

ALHAMISI

Aliingia kwa pengo la kayaba akiwa na beseni kichwani. Akiulizwa angesema upepo umerusha soksi. Hakuulizwa. Boti ilikuwa nyeupe, ndefu kuliko ilivyoonekana kwa mbali, imefunikwa turubai kuukuu lililochanika katikati. Akainama. Kizibo kilikuwa cha shaba, kinene kama kidole gumba. Akakipachika, akakizungusha hadi kikakataa kuzunguka.

Usiku wa Ijumaa mvua ilinyesha. Jumamosi ikanyesha kutwa, ile ya masika isiyo na haraka. Peres alisema mbingu zimetoboka. Wavinya alilala akiisikiliza juu ya mabati, akawaza matope, akawaza lori kukwama. Boti hakuiwaza.

JUMAPILI. KENGELE YA KWANZA

Gari la Norman lilipita na askari kwenye kiti cha nyuma, amevaa tai. Likapotea konani.

Thuo alikata kufuli ya lango kwa mkasi wa chuma. Lori likaingia kinyumenyume, limebeba harufu yake. Jirani yeyote angesema ni mbolea ya waridi. Mvua ilikuwa imepungua, ikawa manyunyu. Wavinya alisimama kwenye pengo la ua, kilemba kichwani, beseni la nguo miguuni. Kutoka hapo aliona lango, barabara na watu wake wote.

Gichuru aliruka kutoka kwenye lori. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni. Akautikisa, akatoa kitu kilichokunjwa vizuri na bado kina mikunjo ya dukani.

"Mutie, buda yangu. Usinyeshewe. Zawadi."

Koti la mvua. Manjano.

Wavinya alipiga hatua moja kuteremka. Mutie alikuwa amekwisha kulivaa, anacheka, anajikagua mikono. Akamtazama dada yake mara moja tu, na kicheko kikapungua. Hakuwa mjinga, Mutie. Lakini alikuwa na jeki mkononi na kazi mbele yake, na mtu wa machimbo akishashika kazi haulizi.

WIMBO WA PILI

Ng'ambo ya bonde waumini waliimba. Huku walizungusha jeki.

Kamba ilikuwa tayari, imefungwa kwenye pua ya boti na kuzungushwa mara mbili kwenye mjakaranda. Nguzo zilikuwa tayari, zimepakwa mafuta hadi zikang'aa. Tako la boti likaanza kupanda. Kidogo. Kidogo tena. Halafu jeki ya kushoto ikaanza kuzama ardhini.

"Simamisha," akasema Mutie. Alipiga ubavu wa boti kwa ngumi. Haukulia kama alivyotarajia. "Hii kitu imekula nini? Hii si uzito wa plastiki."

"Ni injini," akasema Gichuru.

"Injini iko nyuma tu. Hii ni nzito kote. Leta ubao niweke chini ya jeki. Halafu nijenge magogo."

"Utachukua muda gani?"

"Nitachukua muda wake."

Gichuru akatazama simu yake. Ilikuwa imelia mara moja na kukatika. Mtu amebipu. Gichuru hakumpigia. Aliirudisha mfukoni, akatazama barabarani.

Wavinya aliliona hilo. Kila mmoja wao alikuwa na sikio ng'ambo ya bonde, maana huko ndiko saa yao ilikokuwa. Thuo aliimba kwa kunong'ona wimbo ule ule wa kanisani. Mutie alipumua kwa mapigo yake. Gichuru peke yake hakusikiliza kanisa. Alikuwa na saa nyingine.

MAHUBIRI

Mhubiri alianza na Yona. Sauti yake ilivuka bonde ikiwa imepasuka pembeni. Thuo akasonya.

"Ona hii. Leo wanahubiri boti."

Mutie alikuwa amejenga magogo upande wa kulia, mawili hivi, mawili hivi, yakashika. Upande wa kushoto bado. Ubao chini ya jeki ulikuwa umepasuka. Nguzo ya kushoto ilikuwa imekwama kwenye jiwe, haiingii wala haitoki, na ilihitaji mtu aingie chini na kulisukuma jiwe kwa mtaimbo.

"Ingia," akasema Gichuru.

"Siingii."

"Mutie."

"Upande huo umeshikwa na jeki peke yake. Nipe muda nijenge. Sadaka bado sana."

"Achana na sadaka!" Sauti ya Gichuru ilipanda, akaishusha. Jasho lilimtiririka kwenye shingo nene, na haikuwa siku ya jasho. "Hakuna muda. Ingia, toa hiyo jiwe, boti iende. Halafu wewe unabaki nyuma kidogo ufunge lango. Thuo na mimi tunatangulia."

"Ulisema tunatoka wote."

"Nimebadilisha."

Simu ikalia tena mara moja. Ikakatika.

Wavinya aliacha beseni, akateremka. Alitembea kama mfuaji, pole pole, mikono imefungwa mbele. Akafika kwa ndugu yake.

"Vua koti."

"Nini?"

"Vua."

Mutie alivua. Wavinya alilipokea, akaligeuza, akamnyooshea Gichuru kwa mikono miwili kama mtu anayempa mkubwa wake maji ya kunawa.

"Boss, ndugu yangu anaogopa. Ingia wewe mwenye haraka. Lakini chini ni matope, utaharibu shati. Vaa hili."

Gichuru alirudi nyuma hatua nzima. Alirudi kama aliyeonyeshwa nyoka.

"Toa hiyo kitu hapa!"

Mhubiri aliendelea, na manyunyu juu ya turubai. Thuo alimtazama Gichuru. Mutie alimtazama Gichuru. Macho ya Mutie yalitoka kwa mtu yakaenda kwenye koti, yakatoka kwenye koti yakaenda mbali, siku ya jua, kwa rafiki aliyekuwa amevaa shati jeupe.

"Mwololo," akasema Mutie.

"Mwololo nini? Mwololo alijitakia. Tutasimama hapa tukipiga domo?" Gichuru alinyakua mtaimbo. "Nyinyi ni wanawake wote. Nitatoa jiwe mimi mwenyewe."

"Gichuru, usiingie," akasema Mutie. Alisema hivyo. Wavinya angeweza kuapa mbele ya mtu yeyote kwamba ndugu yake alisema hivyo, na kwa sauti. "Jeki inakataa. Usiingie."

Aliingia.

Alijitupa kifudifudi, akatanguliza mtaimbo, akalisukuma jiwe mara moja, mara mbili. Jiwe likatoka. Nguzo ikaserereka na mafuta yake. Jeki ikainama, taratibu, kama mzee anayesujudu, halafu ghafla.

Na ndani ya boti kitu kikatembea. Walikisikia wote. Kilitoka mbele kikaenda nyuma, kikatoka kulia kikaenda kushoto, uzito mkubwa unaokimbia, na ulipofika ukapiga ubavu kwa kishindo na maji yakarukia juu ya turubai. Maji. Mvua ya siku mbili.

Boti ikaketi. Ikamketia Gichuru miguuni, kati ya ubavu wa boti na chuma cha trela.

Mlio alioutoa haukuwa wa mtu mnene. Ulikuwa mwembamba.

SADAKA

Kanisani wakaanza kuimba wimbo wa sadaka.

Thuo alikuwa wa kwanza kukimbia. Aliruka ndani ya lori, nguzo zikaanguka kutoka kwenye sakafu yake, na lori likatoka langoni likiyumba, bila boti, ngozi zinapepea.

Mutie hakukimbia. Alikuwa ameshika mtaimbo, ameukita chini ya boti, mishipa imemsimama shingoni. Boti haikusogea. Akahamisha mtaimbo. Akajaribu tena.

"Mutie," akasema Wavinya. "Wanakuja."

"Nani?"

"Wale aliowaita. Wanatafuta mtu wa koti la manjano, au yeyote watakayempata hapa. Nenda."

"Siwezi kumwacha."

"Alikuwa anakuuza!"

"Najua! Nimejua!" Machozi yalikuwa yanamtoka, na bado alisukuma. "Alimuuza Mwololo, akaniambia mimi nimlilie. Najua. Lakini mtu haachwi chini ya jiwe, Wavinya. Sijui kufanya hivyo. Hata nikitaka mikono haijui."

Gichuru alikuwa ameshika nyasi kwa mikono yote miwili. Uso wake ulikuwa wa kijivu. "Ni kweli, buda. Nilikuwa na deni na mtu mkubwa wa karao. Kila kazi anataka mtu mmoja, ndio gazeti liandike amefanya kazi. Singekuwa mimi angekuwa mwingine. Nitoe, nitawapigia, nitawarudisha."

"Simu iko wapi?" akauliza Mutie.

Ilikuwa chini yake, kwenye mfuko wa suruali, chini ya boti.

Mbali, upande wa barabara kuu, injini ya gari ilipandisha mlima. Gari moja. Halafu la pili nyuma yake.

Wavinya alimshika ndugu yake uso kwa mikono miwili, mikono iliyokwaruzwa na sabuni. Akamgeuza kutoka kwenye boti.

"Nisikilize. Pita pengo la kayaba. Shuka mtoni, tokea Kangemi. Usikimbie ukifika barabarani, tembea. Mimi ni mama wa kufua, hakuna mtu ananijua. Mimi nitamtoa."

"Utawezaje? Mimi nimeshindwa."

"Ni maji yamemlalia. Najua yanapotokea. Mimi ndiye niliyeyaziba."

Mutie alimtazama. "Utamtoa?"

"Nenda."

"Wavinya. Sema utamtoa."

"Nitamtoa. Nenda!"

Alikwenda. Alipenya kwenye kayaba akiwa na shati lililolowa, bila koti, na majani yakatikisika nyuma yake kisha yakatulia. Wavinya alihesabu pumzi zake mwenyewe hadi alipojua amefika mtoni.

MATANGAZO

Katibu wa kanisa alishika kipaza sauti. Alitangaza mkutano wa akina mama. Alitangaza harusi. Alitangaza mwavuli uliosahaulika.

Wavinya alipiga magoti kwenye matope, nyuma ya boti. Kizibo kilikuwa pale pale alipokiacha, shaba inang'aa kwa mvua. Akakishika. Kilikuwa baridi. Mzunguko mmoja, miwili, na maji yangeanza kumwagika. Si ghafla. Lakini gari nalo lilikuwa bado linapanda.

Sasa alielewa kwa nini Norman alikiacha kikining'inia. Kizibo ni cha ziwani. Nchi kavu boti huachwa na tundu lake, mvua iingie na itoke. Mtu yeyote wa maji angewaambia, lakini hawakumwuliza mtu.

Mkono wa kulia ulikuwa kwenye kizibo. Wa kushoto bado ulishika koti.

Alimfikiria Mutie akitembea Kangemi bila kukimbia, akiamini. Alimfikiria Mwololo mlangoni, kola imechakaa, akiomba chai ya haraka. Alimpa chai ile. Akamwambia, msimwache ndugu yangu nyuma. Mwololo alikuwa amecheka: nani amwache?

Magari yalipunguza mwendo konani. Mlango mmoja ulifunguliwa kabla gari halijasimama.

"Wavinya," akasema Gichuru. Hakuweza kumwona. Aliona tu miguu yake miwili, tope hadi vifundoni, na pindo la manjano likiburuta kando yake. "Uko hapo? Nimesikia ukimwambia Mutie. Najua umekishika. Wavinya, mama, kichomoe. Kichomoe tu, miguu nitaitoa mwenyewe. Unasikia? Wavinya. Chomoa kizibo."